Sare ilikuwa damu ya mzee, bustanini ikageuka nyeusi, sasa nadaiwa nilipe

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 47, mkazi wa Dar es Salaam. Mdogo wangu anaoza binti yake wa kwanza, na mimi kama mama mkubwa nilikabidhiwa kazi ya sare za wanawake wa upande wetu. Tulikuwa 36. Kila mmoja alitoa shilingi 45,000, kitambaa na fundi humo humo. Rangi tuliyokubaliana ni damu ya mzee, satini.

Nilikwenda Kariakoo na wifi yangu. Duka la kwanza jora lilikuwa limebaki mita 72, zikatosha watu 24. Mita 36 zilizopungua nikazipata duka la tatu kutoka pale. Sikununua kwa pupa. Nilibeba kipande cha kwanza nikakilaza juu ya kile cha pili pale mezani, chini ya taa nyeupe inayowaka vizuri kabisa. Mimi sikuona tofauti, wifi hakuona, muuzaji hakuona. Nikapiga picha nikairusha kwenye grupu. Mmoja akauliza mbona ni nyekundu, nikamjibu ni simu hiyo.

Siku ya sendofu tulikusanyika nyumbani saa tisa alasiri kupiga picha uani. Jua kali. Nikaona mwenyewe kabla sijaambiwa: wale 12 wamevaa kitu kingine, kinavuta kwenye ukahawia. Nikameza mate. Sherehe yenyewe ilikuwa bustanini. Jenereta ikasumbua, tukaingia tunacheza saa kumi na mbili na nusu jioni taa zikiwa hazijawaka. Nikamsikia mama mmoja wa upande wa bwana harusi akimuuliza mwenzake, "Hawa wana msiba?" Nikajitazama. Mwalimu, gauni jeusi tii! Na wao wenyewe, waliovaa vitenge vya bluu, waling'aa kama wamewekewa balbu.

Sasa kwenye grupu hakukaliki. Wanasema nimenunua kitambaa cha bei ya kutupa, chenji nimekula. Wifi niliyekuwa naye dukani anasoma tu, hasemi neno. Harusi ni wiki tatu zijazo na wanataka sare mpya kwa fedha zangu. Nilimwita mume wangu ashuhudie, akaligeuza gauni mara mbili akasema, "Kwani hii si kahawia tangu mwanzo?" Nilitaka kulia, maana nikilitoa kabatini asubuhi ni damu ya mzee ile ile niliyoichagua.

Je, nimetapeliwa? Au macho yangu ndiyo yamekwisha? Na nilipe?

Mhazini Aliyechafuliwa Jina

JIBU

Marahaba mama, pole sana. Nimefundisha fizikia miaka mingi na sikumbuki kuletewa swali la mwanga lililokuja na deni la sare 36.

Nianze na lile la bustanini, kwa sababu ndilo lililokuumiza zaidi na ndilo lenye jibu la uhakika kuliko yote. Hukuota. Yule mama wa upande wa pili naye hakuwa na kijicho. Kwa jicho la binadamu, saa ile, mahali pale, gauni lako lilikuwa jeusi. Tumezoea kudhani rangi imekaa kwenye kitambaa kama chumvi ilivyokaa kwenye mchuzi. Haiko hivyo. Kitambaa hurudisha sehemu fulani ya mwanga unaokipiga na kumeza sehemu nyingine, jicho huokota kile kilichorudi, kisha ubongo ndio unaoamua hii ni rangi gani. Badilisha mwanga, na hukumu inaweza kubadilika huku uzi ukiwa ule ule.

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, na humo mna seli za aina mbili zinazohusika na kuona. Zipo zenye umbo la koni, kama milioni 6 katika kila jicho. Hizi zinataka mwanga mwingi, na ndizo zinazotuletea habari za rangi. Zipo pia zenye umbo la fimbo, kama milioni 120. Fimbo hutosheka na mwanga kiduchu sana, lakini kwa rangi ni mbumbumbu kabisa. Kwao dunia ni weupe, weusi na kijivu. Mchana koni ziko zamu, usiku fimbo ziko zamu. Magharibi ndipo zinapokabidhiana lindo, na ninyi mliingia mkicheza katikati ya makabidhiano.

Sasa sikiliza jambo lililoiua sare yenu. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa nanomita 380 hadi 700 hivi, kutoka urujuani hadi wekundu (nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni). Fimbo huamshwa zaidi na mwanga wa karibu na nanomita 500, yaani ule wa kati ya bluu na kijani, na kwa wekundu uliokolea karibu hazioni kitu. Damu ya mzee hurudisha karibu wekundu huo tu, mwingine wote inaumeza. Kwa hiyo koni zilipoishiwa nguvu na fimbo zikashika lindo, gauni lako halikuwa na chochote cha kuziambia. Vitenge vya bluu vilikuwa vinarudisha mwanga ule ule fimbo zinaoupenda. Ndiyo maana wenzenu waling'aa. Msomi wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech, Jan Purkyně, aliandika habari hii mwaka 1825: alfajiri bluu huanza kuonekana mapema, na nyekundu, ambayo mchana inashinda zote kwa ukali, hubaki nyeusi muda mrefu. Hakuwa na sare ya kumlipa mtu, aliona tu na akaandika.

Huku kwetu mambo ni mabaya zaidi kwa sababu karibu na ikweta jua huzama kama limeangushwa. Likishatua, dakika 20 hivi unatafuta swichi. Lakini fimbo zinahitaji nusu saa au zaidi gizani kufikia uwezo wake wote, kwa sababu kila moja imejaa dawa inayotengenezwa kwa msaada wa vitamini A, na mwanga wa mchana huwa umeichoma karibu yote, kwa hiyo lazima iundwe upya. (Ndiyo sababu mtoto aliyepungukiwa na vitamini A huanza kwa kupapasa kuta jioni. Mzazi asimwite mzembe, ampeleke kliniki.) Basi saa kumi na mbili na nusu walinzi wa mchana walikuwa wameshaondoka na wa usiku bado wanafunga viatu.

Huo ndio msiba waliouona. Hakuna kitambaa cha bei yoyote, kiwe cha Uturuki au cha dhahabu, ambacho kingebaki damu ya mzee katika mwanga ule.

La vitambaa viwili ni jingine kabisa, na hapa sitakuachia ukatoka bila doa.

Koni zimegawanyika katika makundi matatu. Moja huamshwa zaidi na mawimbi mafupi, karibu nanomita 420, jingine ya kati, karibu 530, na jingine marefu, karibu 560. Lakini kila koni ni kama konda wa daladala: anahesabu vichwa vilivyopanda, haulizi abiria ametoka wapi. Chembe ya mwanga ikishaingia imeingia, iwe ilikuwa ya 540 au ya 600. Ubongo unapokea hesabu tatu tu kutoka kwa makonda watatu, unazilinganisha, na kutokana na mlinganisho huo unasema: damu ya mzee. Hauna njia nyingine ya kujua.

Sasa viwanda viwili vinaweza kufika kwenye damu ya mzee kwa njia mbili. Kimoja kimechanganya rangi hizi, kingine rangi zile. Vitambaa vinarudisha mwanga usiofanana, ila chini ya taa fulani hesabu tatu zinatoka sawasawa, na jicho lako, la wifi yako na la muuzaji yote yanaapa kwamba ni kitu kimoja. Mafundi wa rangi wanaiita hali hii metamerizimu. Ukivitoa nje, jua likavipiga kwa mawimbi yake yote, hesabu zinaachana. Na ile taa nyeupe uliyoiona inawaka vizuri kabisa, kama ni ya LED, kwa asili yake ni taa ya bluu iliyofunikwa unga unaotoa mwanga wa njano. Vikichanganyika tunaona weupe. Nyingi za bei nafuu zina upungufu mkubwa wa wekundu uliokolea, na katika rangi kama yenu, huko ndiko tofauti za vitambaa zinakojificha.

Kwa hiyo muuzaji hakukutapeli, naye aliona ulichoona. Ila wauza vitambaa wa zamani, ukitaka kulinganisha majora mawili, hawakuachi umalizie mezani. Wanakwambia, "Mama, toka nayo nje uangalie." Wao hawajasoma neno metamerizimu, wamesoma kwa kurudishiwa mizigo. Hilo hukulifanya. Ulikuwa hatua sita kutoka mlangoni! Kama kuna kosa lako katika hadithi hii yote, ni hizo hatua sita.

Tofauti yenyewe, hata hivyo, nina hakika ilionekana kubwa kuliko ilivyo, na hapa tena jicho linahusika. Hesabu seli nilizokutajia: zinakaribia milioni 126 kwa kila jicho, wakati nyaya zinazotoka kwenye jicho kwenda ubongoni ni kama milioni moja tu. Haiwezekani kila seli ikatuma ripoti yake. Retina hufanya uhariri pale pale: sehemu zinazofanana hazipewi nafasi kubwa, habari zinazopita ni za mpakani, pale kitu kimoja kinapoishia na kingine kuanza. Ripoti hiyo inapita njiani hadi sehemu ya nyuma ya ubongo, huku kisogoni, ikiwa tayari imekuza tofauti za majirani. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, mwaka 1824. Akakuta lawama mezani: rangi nyeusi ya kiwanda imepauka. Alipoichunguza akaikuta nzima kabisa. Ilipaushwa na rangi za bluu na urujuani zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akachapisha matokeo ya miaka yake ya kuchunguza majirani wa rangi, na wachoraji wa Ufaransa wakafaidika kuliko hata wafumaji.

Ulipowasimamisha wale 12 bega kwa bega na wale 24 ili mpige picha, ulitengeneza mipaka, na ubongo wa kila mtazamaji ukaishika mipaka hiyo kwa nguvu zote. Kuna kitu kingine pia, kama fundi wako hakuwa makini. Satini ina mwelekeo. Nyuzi zake zinazong'aa zimelala upande mmoja, na kipande kilichokatwa kwa kugeuzwa hurudisha mwanga tofauti na jirani yake hata kama vyote vimetoka jora moja. Angalia hao 24 kwa makini juani. Naweza kushangaa wote wakifanana.

Picha ya kwenye grupu ulijibu sawa, ni simu, ila si simu peke yake. Ubongo unapotazama kitu hufanya kazi ya muuza maharage anayepima na ndoo: anaondoa kwanza uzito wa ndoo ndipo anajua maharage ni kilo ngapi. Ndoo ndiyo mwanga. Karatasi nyeupe ukiiangalia chini ya kibatari inarudisha mwanga wa njano, lakini wewe unaiona nyeupe, kwa sababu ubongo umeshaukadiria mwanga wa kibatari na kuutoa. Kwenye picha ndoo haionekani. Kamera imekisia mwanga wa dukani kwa namna yake, kioo cha kila simu kina mwanga wake, na mtu amejilaza kitandani na taa ya njano. Februari 2015 dunia nzima ilibishana mitandaoni kwa sababu ya picha ya gauni ambalo mama mmoja alitaka kulivaa kwenye harusi ya bintiye huko Scotland. Wapo walioapa ni jeupe na dhahabu, wapo walioapa ni la bluu na nyeusi. Gauni lenyewe lilikuwa la bluu na nyeusi. Waliotofautiana walikuwa wanakisia ndoo tofauti: aliyedhani gauni liko kivulini, kwenye mwanga wa bluu, aliutoa ubluu na kubaki na weupe. Kwa hiyo mhazini yeyote anayechagua rangi ya sare kwa picha ya simu anajitafutia ugomvi. Kata vipande vidogo vitatu, vizungushe kwa mikono.

Baba watoto sasa. Amesema kahawia, na amesema tangu mwanzo, hakusema ilibadilika. Je, amewahi kukuletea nyanya mbichi akidhani zimeiva? Anabishana na wewe mara kwa mara kuhusu kijani na kahawia? Wanaume wengine wamezaliwa na kundi moja la koni, la mawimbi ya kati au marefu, likiwa na hitilafu au halipo, na kwao nyekundu iliyokolea, kahawia na kijani cha jani kavu ni majirani wa karibu sana. Mwanakemia John Dalton alieleza hali yake mwenyewe mwaka 1794 na alikuwa na akili timamu kuliko wengi wetu. Usimcheke, na usimlete shahidi mbele ya kamati. Hospitali yenye kitengo cha macho itakuwa na kitabu cha Ishihara, chenye namba zilizofichwa kwenye madoadoa, kilichobuniwa Japani mwaka 1917. Kipimo ni cha dakika chache. Inafaa ajue, hasa kwa ajili ya wajukuu. Baba wa namna hiyo huwarithisha mabinti zake wote bila wao kuathirika, na kila mtoto wa kiume wa mabinti hao ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Mwalimu wa chekechea asije akamchapa mtoto kwa kupaka nyasi kahawia.

Macho yako wewe sina wasiwasi nayo kwa uliyoyaeleza. Jipime hivi: asubuhi, kwenye mwanga wa dirishani, shika gauni hilo hilo, funika jicho moja, kisha jingine. Wekundu unatakiwa uwe sawa au karibu sawa. Kama kwa jicho moja umepauka wazi, usingoje harusi ipite, nenda hospitali.

Na fedha? Usilipe. Andika hesabu yote na risiti zote uziweke kwenye grupu, mita 72 na mita 36, bei ya kila mita, fundi, nauli. Usiongeze maelezo ya fizikia hapo, hayatasomwa. Badala yake waite wale wanaosema sana, wachache, waje kwako saa kumi na mbili kasoro jioni. Tundika uani gauni lako na kitenge cha bluu cha kawaida, kaeni mnywe chai, taa zote zimezimwa na simu ziko ndani. Waache watazame wenyewe. Gauni litakapokuwa jeusi na kitenge kimebaki kinameta, washa taa ya uani, wekundu urudi mbele ya macho yao.

Sare mpya hazihitajiki. Wale 12 uwape kilemba na mkanda wa rangi ya dhahabu, wawe kundi la kumpokea bi harusi au la kubeba zawadi, wasisimame wamechanganyika na wale 24. Dhahabu ikikaa mpakani, tofauti itaonekana imekusudiwa. Mwambie mshereheshaji asiwawashie taa za bluu mnapoingia, maana chini ya taa ya bluu pekee mtarudi kuwa weusi vile vile. Muombe taa zenye mwanga wa njano. Na muingie jua bado lipo, au taa zikiwa zimeshawaka zote. Jenereta ijaribiwe mchana.

Jioni hiyo ya chai wifi yako awe wa kwanza kualikwa. Mpe kiti cha mbele, karibu na gauni.